Bafle ya Kushoto

Mama alipofariki, baba aliigeuza redio ikatazama ukuta.

Nasema redio kwa mazoea tu. Ni mtambo mzima wa zamani: ampli nzito ya kukuza sauti, yenye vitufe vya kuzungusha, sehemu ya kaseti mbili juu yake, na bafle mbili za mbao, moja kila upande wa kabati la sebuleni. Bafle ndivyo tunavyoyaita hapa Goma yale maboksi yanayotoa sauti. Baba aliuchomoa waya wa umeme, akazigeuza bafle zote mbili, akaifunika ampli kwa kitenge kimoja cha mama. Kwetu, watu tuliotoka upande wa Bukavu, nyumba yenye kilio haipigi muziki. Wengine humaliza baada ya siku arobaini. Baba alisema mwaka, na akishasema yeye hakuna wa kuongeza neno.

Naye alijinyamazisha pamoja na redio. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, baba ndiye mwimbishaji wa kwaya ya parokia yetu. Mwaka huo alikaa pembeni, akamwachia msaidizi wake. Lakini kila mtu alijua kwamba angerudi kwenye sikukuu ya parokia, mara tu kilio kitakapomalizwa, na yeye aliisubiri siku hiyo kama mgonjwa anavyosubiri ruhusa ya kwenda nyumbani. Mchana alikaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, macho kayafumba, vidole vinapiga mapigo kwenye goti, anaimbisha watu wasioonekana. Mimi ndiye mtoto niliyebaki naye, na jambo lililonitia hofu lilikuwa moja tu: kwaya ikimponyoka, tutamzika na yeye.

Tulimaliza kilio kwa misa. Watu wakala, wakatawanyika, na kesho yake asubuhi baba akaniambia nifungue redio. Ana desturi yake: kabla ya sikukuu yoyote husikiliza kwanza kaseti za kwaya za miaka iliyopita, ajue walikosea wapi. Nikakikunja kitenge, nikazigeuza bafle, nikapuliza vumbi. Vumbi la Goma ni mawe ya mlima wa volkano yaliyosagika. Linaingia kwenye wali, linaingia kwenye Biblia, sembuse redio iliyokaa mwaka bila kuguswa. Nikachomeka waya, nikabonyeza. Kwaya ikalipuka upande wa kulia. Upande wa kushoto, kimya. Hata mimi nilisikia wazi kwamba hakuna kitu.

"Ya kushoto haiseme," baba akasema, na sura yake ikakunjamana.

Mimi nauza chaja, waya na vipaza sauti vidogo vya simu kule sokoni Birere. Ufundi sijausomea, lakini mimi na waya tunafahamiana. Nikaivuta bafle, nikachungulia nyuma yake, nikaona ncha za waya zimekuwa nyeusi kama mkaa. Nikazikata, nikachuna waya kwa meno kama kawaida yangu. Mama alikuwa akinigombeza kwa hilo, kwamba meno ya kulia chakula nitayamalizia kwenye nyaya za Wachina. Nikasokota, nikarudisha, nikafungulia. Bafle ikakohoa kidogo, ikaanza kuimba. Nilifurahi mno, nikasimama mikono kiunoni nisubiri kusifiwa.

Baba akatikisa kichwa. "Bado."

"Papa, inasema. Mi naisikia."

"Weye unasikia nini? Inasema mbali, sawa mutu anaimbia inje."

Nikatega sikio. Kwangu mimi ilikuwa ikisema vizuri, sawa na mwenzake. Asiyeijua nyumba yetu atauliza kwa nini sikuyaamini masikio yangu. Ni kwa sababu nyumbani kwetu, na katika kwaya nzima, sikio la baba ndilo lilikuwa sheria. Aliweza kuwasimamisha watu wanaoimba kwa nguvu zao zote, akamnyooshea kidole mama mmoja wa mstari wa nyuma, akamwambia ateme peremende. Na kweli peremende ilikuwamo. Sisi wa sauti ya alto, tunaosimama kushoto kwake, ndio aliotufokea kuliko wote. Akisema mmeshuka, basi mmeshuka, hata kama kila mmoja wetu angeapa mbele ya msalaba kwamba hakushuka. Kwa hiyo aliposema bafle haisemi, niliamua kwamba ina ugonjwa ambao masikio ya mwanamke wa sokoni hayaufikii.

Isitoshe, redio ile ni ndugu yetu. Baba aliinunua Bunagana, zamani alipokuwa karani wa mizigo pale mpakani, akashuka nayo juu ya lori la maharage, ampli kati ya magunia na bafle moja kwenye kila paja. Mama alipenda kusimulia kwamba lori lilipoharibika njiani, Kalengera, baba alikataa kushuka kula, eti wezi wataibeba. Na mwaka mlima ulipotapika moto, tukakimbia na watu wote, mama alibeba sufuria na mtoto, baba akabeba bafle. Mama hakumsamehe hadi alipoingia kaburini, ingawa kila alipolisema hilo alikuwa anacheka. Redio kama hiyo huitupi kwa sababu ya upande mmoja.

Nikaendelea kutafuta. Vitufe vya ampli vilikuwa vinakwaruza ukivizungusha, sauti inakatika na kurudi, hasa kile cha kugawa sauti kati ya kulia na kushoto. Nikafungua kifuniko, nikasugua ndani kwa pamba na alkooli ya famasi, nikavizungusha huku na huku mpaka mkwaruzo ukaisha. Baba akakaa, akafumba macho, akasikiliza. Bado.

Basi nikatumia njia ninayowaambia wateja wangu wote. Ukitaka kujua kasoro iko wapi, badilisha. Waya wa kushoto upeleke kulia, wa kulia ulete kushoto. Kasoro ikihama, ampli ndiyo mgonjwa. Ikibaki mahali pake, bafle ndiyo mgonjwa. Nikabadilisha bila kumwambia. Bado ya kushoto. Nikasema haya, tumekushika: ni bafle. Nikazibeba bafle zenyewe, ile ya kulia nikaiweka kushoto na ya kushoto nikaiweka kulia. Kama ni bafle, basi sasa alalamikie kulia.

"Kushoto," akasema baba. "Ile ile."

Hapo nikaanza kuishiwa na maneno mazuri. Mimi si mtu wa subira, na duka langu lilikuwa limefungwa asubuhi nzima. Nikasingizia nyumba. Nyumba yetu imejengwa juu ya mawe ya mlima, upande wa kulia una matofali lakini pembe ya kushoto bado ni ya mbao, na chini yake kuna uwazi. Ukimwaga maji hapo yanapotea usijue yameenda wapi. Nikajiambia kwamba sauti nayo inazama humo. Nikasukuma kabati, ampli, bafle, kila kitu, mpaka kwenye ukuta wa pili, nikamgeuza baba na kiti chake. Pembe ya mbao sasa ilikuwa kulia kwake. Jasho linanitiririka, mgongo unauma, nikafungulia.

Akasikiliza muda mrefu kuliko mara zote. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba ya kushoto ndiyo haisemi.

Nilikasirika. Nakumbuka nilimjibu kwamba basi redio hii imerogwa, maana kasoro gani inahama na mtu? Neno hilo lilinitoka kwa hasira tu, lakini baada ya kulisema nilibaki nimelishika mdomoni. Kasoro inahama na mtu. Nikamwangalia pale kwenye kiti, kichwa kimegeuka kidogo kuelekea bega la kushoto ili sikio la kulia likae mbele, na nikagundua kwamba amekuwa akikaa hivyo muda mrefu.

Mambo mengine yakaanza kuja yenyewe. Mama anayetuongoza sisi wa alto alikuja kumsalimu wakati wa kilio, akakaa kushoto kwake, akaongea na kuongea, baba asimjibu hata neno. Yule mama akatoka amenuna. Nami nilipomwita baba kutoka jikoni aliangalia mlango wa nje, kana kwamba namwita kutoka barabarani. Tulisema ni huzuni. Katika mwaka wa kilio mtu akinyamaza haulizwi, akigeuza uso haulizwi, na muziki haupigwi. Kitu kimoja ambacho kingetuonyesha tulikuwa tumekigeuza ukutani kwa heshima ya marehemu.

Sikutaka kufanya nilichofanya. Nilimwambia nataka kujaribu mara ya mwisho, afumbe macho kama anavyofumba siku zote. Nikaenda nyuma ya ampli, nikachomoa kabisa waya za bafle ya kulia, nikazishika mkononi. Nikafungulia kaseti. Bafle ya kushoto peke yake ikaanza kuimba, alto na soprano na wanaume wote humo humo, sebule ikajaa.

"Unaisikia wapi, papa?"

Baba akanyoosha kidole kulia, kwenye bafle iliyokuwa kimya. "Njo hii. Iko inasema muzuri, ila umeipunguza sana. Ya kushoto haiko kabisa."

Nilishindwa hata kuzima. Akasubiri jibu, alipoona haliji akafumbua macho, akaniona nimesimama pale na waya mkononi. Akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye bafle aliyokuwa ameinyooshea kidole. Baba yangu ameishi na sauti maisha yake yote, hakuhitaji kufafanuliwa. Aliushusha mkono taratibu, akauweka gotini. Halafu akaomba nizime, tafadhali, na sijawahi kumsikia baba akiniambia tafadhali.

Nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Daktari alichungulia, akagonga vyuma vyake karibu na kichwa, akasema mshipa wa sikio la kushoto umekufa na hakuna dawa ya kuufufua. La kulia lilindwe. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walisema juu ya wakaidi, sijui kama walifikiria baba za watu. Siku hiyo niliichukia methali hiyo. Daktari akauliza kama kuna kishindo kilichowahi kupasuka karibu naye. Hapa Goma, penye vita visivyoisha, mtu anauliza swali kama hilo? Nikataka kumjibu vibaya, baba akanigusa mkono. Kisha daktari akauliza tatizo limeanza lini. Baba akasema hajui.

Tulirudi kwa miguu kwa sababu hakutaka pikipiki. Nilitembea kulia kwake. Alikuwa anatazama chini kama mtu anayechagua pa kukanyaga, na kweli njia yetu ni mawe matupu, lakini niliona kwamba hayaoni mawe. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Mama yenu alikuwa analala upande ya kushoto," akasema.

Nikasimama na mimi.

"Siku zake za mwisho alikuwa anasema pole pole. Nilikuwa namwambia aseme na nguvu, anaacha, anageukia ukuta." Akasukuma jiwe kwa kiatu. "Nilizania sauti yake njo ilikuwa inaisha."

Nilitaka kumwambia kwamba mama alijua anapendwa, kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba sauti yake kweli ilikuwa imepungua. Yote hayo ni kweli. Lakini nilikumbuka mama akiniambia, kwa uchungu wa mtu asiyezoea kulalamika, kwamba baba yako siku hizi hanijibu. Nilimjibu kwamba ndivyo wanaume walivyo mbele ya ugonjwa, na tukaacha. Sikumwambia baba jambo hilo, na sitamwambia. Nililia pale pale njiani, watu wakipita, na sikuona haya.

Siku zilizofuata tuligombana. Mimi nilitaka awaambie wanakwaya. Nilisema wanampenda, watapanga namna, tunaweza hata kuhama sisi wa alto tukasimama kulia. Yeye alikataa kata kata. Alisema mwimbishaji si mikono, ni sikio, na mikono kila mtu anayo. Nikamwuliza basi ataimbishaje kama hasikii nusu ya watu. Akasema atajua. Nikamwambia huo ni ukaidi.

"Batanionea huruma," akasema. "Na mutu wa kuonewa huruma hawezi kuimbisha batu."

Nikaacha kubishana, kwa sababu kiti kile cha sebuleni nilikuwa nimekitazama mwaka mzima, na nilijua ndicho atakachorudia akiikosa kwaya.

Akarudi kwenye mazoezi. Walimpokea kwa vigelegele, wakamvisha shada shingoni. Yeye akasimama mahali pake pa siku zote, sisi wa alto kushoto, akatoa sauti ya kuanzia kwa mdomo wake, safi kama zamani, tukaanza. Nilingoja atufokee. Hakutufokea. Tulikosea, tena vibaya, maana mwaka bila yeye ulikuwa umetulegeza. Baba akatutazama akatabasamu. Wenzangu wakagusana viwiko. Wiki baada ya wiki ikawa vile vile. Wanaume aliwakemea, soprano aliwasimamisha kila mara, lakini sisi alitupa tabasamu lile. Mimi peke yangu katika mstari ule nilijua kwamba linatoka kwa mtu anayetuona tunafungua midomo.

Sikukuu ikafika. Kanisa lilijaa mpaka uani. Wimbo wa kutoa sadaka ndio aliokuwa ameuandaa kwa wiki hizo zote, wenye sehemu ambapo sauti nyingine zote zinanyamaza na alto wanabeba peke yao. Ubeti wa kwanza tukaubeba. Wa pili tukaanza kuteleza, mmoja akamvuta mwenzake, na tukaishia chini kiasi kwamba soprano walipoingia juu yetu ilikuwa kama milango miwili isiyofungana. Nilijaribu kupandisha ubeti wa tatu, nikashindwa peke yangu. Mikono ya baba ikaendelea kwa uzuri wote, na macho yake yalikuwa kwetu. Sijui kama kuna aibu niliyowahi kuisikia inayofanana na ile, na sikuwa naisikia kwa ajili yangu.

Baada ya misa yule mama anayetuongoza akanishika bega, uso unang'aa. Akaniambia kilio kimemlainisha papa, kwamba sasa ametusamehe yote, kwamba Mungu ni mwema. Nikamwambia ndiyo.

Nyumbani baba alivua koti, akakaa. Hakukaa kwenye kiti cha katikati ya sebule, alikaa kwenye benchi mlangoni penye mwanga. Nikamletea chai, nikakaa kulia kwake. Alikunywa bila haraka. Nje watu waliokuwa wakitoka kanisani walipita wakimpungia mkono, naye akawapungia.

"Ba alto?" akauliza.

"Baliimba muzuri, papa."

Akaweka kikombe chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ubeti ya pili balishuka," akasema. "Nilikuwa naangalia sura yako. Nilikuwa naangalia sura yako tu, tangu mazoezi."

Nilishika kikombe chake kitupu nikakigeuza geuza.

"Hii moya ya Mungu," akasema, akigusa sikio la kulia, "ile ingine ni weye. Ukinidanganya, nitabaki na nusu."

Nikaliinamia sikio lake la kulia, ili anisikie vizuri.

"Na ya tatu, papa," nikasema. "Ya tatu balishuka zaidi."